Ngome Kongwe ya Unguja: ingia mara mbili, nunua mara moja

Likizo ikikaribia, simu yangu hugeuka dawati la maulizo. Binamu wa Morogoro, rafiki wa Mombasa, shemeji aliyeko Muscat anayekuja nyumbani baada ya miaka kadhaa, wote huuliza mamoja. Ngome Kongwe kiingilio shilingi ngapi? Vitu vinavyouzwa mle ni vya hapa au vimeletwa? Nitapunguziwa vipi na lafudhi yangu hii ya bara? Nimechoka kuandika jibu lile lile kwa kidole gumba, nimeona bora niliandike mara moja, lote.

Nianze na lile linalowaokoa wengi. Usiingie Ngome Kongwe na nia ya kununua. Ingia kwanza kutazama, toka, kanywe maji, kisha rudi na pesa. Kila aliyenilalamikia kuwa "nimepigwa" alinunua kwenye duka la kwanza, ndani ya dakika kumi za kwanza, jua likiwa utosini.

Unakanyaga wapi

Maneno machache tu, usije ukaiona ngome kama kibanda cha maduka chenye kuta nene. Wareno walipokuwa na nguvu pwani hii walijenga kanisa hapo mwanzoni mwa karne ya 17. Mwaka 1698 Waarabu wa Oman waliwatoa Wareno Mombasa, na Unguja nayo ikaangukia mikononi mwao. Juu ya mabaki ya kanisa wakajenga ngome ya kujilinda, Mreno asirudi. Karne ya 18 Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, walijaribu kuitwaa, wakarudi mikono mitupu. Baadaye ikawa gereza na kambi ya askari. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikatumika kama karakana ya reli ya Bububu (ndiyo, Unguja ilikuwa na treni, waulize wazee), na mwishoni mwa miaka ya 1940 ua wake ukawa kiwanja cha tenisi cha mabibi wa Kiingereza. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilikaa muda mrefu bila kazi ya maana, mpaka miaka ya 1990 ulipojengwa ukumbi wa wazi na maduka yakashika nafasi.

Kwa hiyo aliyeweka vikapu vyake chini ya ukuta ule ameviweka mahali palipokuwa kanisa, gereza na uwanja wa tenisi. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kukufanya upunguze mwendo.

Unachohitaji kabla hujatoka

- Pesa taslimu kwa shilingi, za noti ndogo ndogo. Ukitoa noti ya elfu kumi kwa kitu cha elfu tatu, utasimama ukisubiri mtu atafute chenji maduka matano.
- Simu yenye salio la kulipia. Wengi hupokea pesa za simu, lakini mtandao una siku zake.
- Kitambulisho, au pasipoti kama unatoka nje ya nchi. Kwenye boti kutoka Dar kinatakiwa.
- Mfuko wa kitambaa au kikapu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu 1 Juni 2019, na Zanzibar ilitangulia kwa miaka mingi.
- Nguo za heshima: mabega yafunikwe, magoti yafunikwe. Mji Mkongwe si ufuo wa hoteli.
- Kitambaa cheupe kidogo, hata kipande cha leso kuukuu. Utanishukuru hatua ya saba.
- Futi kamba, au kipimo cha kichwa chake kwa shubiri yako, kama unanunulia mtu kofia. Kofia ya kukisia huishia kabatini.
- Chupa ya maji.

Hatua kwa hatua

1. Chagua siku na saa

Asubuhi kati ya saa tatu na saa tano ndiyo saa yangu. Jua halijawa kali, wauzaji wamekaa vizuri, na yapo yale mambo ya kufungua biashara: mteja wa kwanza hapendwi aondoke mikono mitupu, kwa hiyo bei hulegea kidogo. Alasiri kuanzia saa kumi nayo ni nzuri, hasa ukitaka kuunganisha na vyakula vya jioni kwenye bustani ya Forodhani, ng'ambo ya barabara.

Ijumaa kati ya saa sita na saa nane mchana usijisumbue. Watu wako msikitini, na duka utakalolikuta wazi litakuwa na kijana aliyeachiwa tu, asiyejua bei wala hana ruhusa ya kupunguza. Mwezi wa Ramadhani ngome inafikika, ila usile wala usinywe hadharani mchana, na tarajia mwendo wa polepole. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua inaweza kukufungia chini ya upenu saa nzima. Ubaya wake si mkubwa, maana hapo ndipo wauzaji husimulia.

Angalia pia kama kuna tamasha. Sauti za Busara, tamasha la muziki linalofanyika Februari tangu 2004, limeitumia ngome hii kama jukwaa kuu kwa miaka mingi, na tamasha la filamu la ZIFF vilevile. Siku hizo ua hujaa vyuma vya jukwaa na spika, na mlangoni huulizwa tiketi. Kwa muziki, njoo hasa siku hizo. Kwa mkeka, njoo wiki nyingine.

2. Fika kwa miguu

Boti ya kasi kutoka Dar huchukua kama saa mbili. Ukitoka bandarini Malindi, huhitaji teksi. Shika barabara ya Mizingani, bahari ikiwa kuliani kwako, utembee. Utaipita Dispensari ya Kale yenye roshani za mbao zilizochongwa, utaupita Mti Mkubwa, utalipita Kasri, kisha Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Seyyid Barghash mwaka 1883. Sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo usikatize karibu na kuta wala usipite palipozuiwa kwa ajili ya picha. Jengo linalofuata, lenye kuta ndefu za rangi ya udongo na meno meno juu, ndiyo Ngome Kongwe.

Njiani utakutana na papasi. Hili ndilo jina lao hapa, vijana wanaojishikiza kwa mgeni kumpeleka dukani au hotelini, na walioliteua jina hilo walijua kupe anavyong'ang'ania. Si watu wabaya, wanatafuta riziki, ila kamisheni yao huingia kwenye bei yako. Jibu kwa upole na usisimame: "Ahsante kaka, napajua." Ukisimama kueleza, umeshaajiri mtu.

3. Langoni

Mchana wa kawaida kuingia ni bure. Mtu akikudai kiingilio, muombe risiti kwa adabu, aghalabu mazungumzo huishia hapo. Wenye kutembeza wageni wapo. Ukimtaka mmoja, patana naye bei na muda kabla hajafungua mdomo, na mwambie wazi kuwa hutaki kupelekwa madukani.

Salimia. Sijui nilisisitizeje hili kwa ndugu zangu wa bara na wa Nairobi ambao huanza na "Hii ni ngapi?" Mwenye duka akiwa mtu mzima, "Shikamoo mama", "Shikamoo mzee". Kwa makamo, "Asalaam aleikum" au "Habari za asubuhi". Subiri ujibiwe. Salamu ya sekunde kumi ina thamani kuliko ujanja wote wa kupatana nitakaokueleza chini.

4. Tazama jengo kabla ya bidhaa

Pita lango, simama katikati, tazama kuta. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, kama nyumba nyingi za Mji Mkongwe, ambao uliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Tafuta kwenye ukuta wa ndani mabaki ya kanisa la Wareno. Ukiona mstari wa jengo ambao haulingani na ukuta wenyewe, hapo ndipo jengo moja lililimeza jingine. Upande mmoja kuna ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia za nusu duara. Keti juu kabisa dakika tano. Ni mahali pazuri pa kupanga mzunguko wako, maana unaona vizuri uani.

Usipande juu ya kuta wala meno yake. Chokaa ya zamani hulegea ndani kabla haijaonekana nje.

5. Mzunguko wa kwanza: mikono nyuma

Zunguka maduka yote bila kununua. Mikono nyuma mgongoni, kweli kabisa, kama mwalimu wa zamu. Ukishika kitu umeanzisha mazungumzo, ukikiinua umeanza kupatana. Ukikaribishwa, sema "Natazama kwanza, nitarudi," na kama huna nia ya kurudi usiseme hivyo. Sema "Ahsante, leo natembea tu." Wanakumbuka nyuso.

Katika mzunguko huu unatafuta mambo mawili. Kwanza, kitu gani kimerudiwa duka baada ya duka kwa umbo lile lile, ukubwa ule ule, hata kosa lile lile la rangi. Hicho kimekuja kwa magunia, na bei yake inapaswa kuwa ya chini. Pili, nani ana kazi mkononi. Ukimuona mtu anashona, anachonga, anasuka au anapaka rangi palepale, mtie alama moyoni. Kwake ndiko utakakorudi.

6. Uliza maswali matatu

Kuuliza si ujinga. Kabla ya bei, uliza hivi: Nani amekitengeneza? Wapi? Kwa kitu gani? Anayejua atakujibu kwa urefu kuliko ulivyotaka, na ataingiza jina la kijiji na la shangazi. Asiyejua atasema "Ni handimedi hii, original kabisa," kisha ataanza kutaja bei.

Usimdharau aliyekuambia ukweli kuwa kinyago kimetoka Mwenge, Dar es Salaam. Vinyago vingi unavyoviona vimevuka bahari. Uchongaji huu ni wa Wamakonde, watu wa nyanda za Mtwara na kaskazini mwa Msumbiji. Picha za Tingatinga nazo ni za Dar, zilizoanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968, na yeye mwenyewe alifariki 1972. Shanga za Kimaasai zimesafiri zaidi ya hapo. Zote ni kazi halali za mikono ya watu. Ila kama umevuka maji kutafuta kitu cha Unguja na Pemba, basi tafuta kofia, mkeka, kikapu, kawa la kufunikia chakula, sanduku la njumu za shaba, nakshi za milango, na sabuni za mwani. Kilimo cha mwani kilianza pwani ya mashariki mwaka 1989 na kimekuwa kazi ya wanawake zaidi. Sabuni yao ni zawadi nyepesi kubeba kuliko zote.

7. Pima mali

Hapa ndipo watu huumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kinyago cha mpingo. Mpingo ni mzito kuliko maji, kipande chake huzama. Huwezi kumchovya mwenzako kinyago chake ndooni, lakini unaweza kukipima mkononi: kidogo cha mpingo hukushtua kwa uzito. Geuza chini, palipokaa bila kung'arishwa, utafute rangi halisi. Moyo wa mti ni mweusi au hudhurungi iliyokolea, na nje yake kuna utando wa rangi ya maziwa ambao mchongaji mzuri huuacha makusudi. Kisha toa kile kitambaa cheupe, kilowanishe, sugua chini ya kinyago. Kikitoka na weusi, umepakwa rangi ya viatu.

Nalijua hili kwa gharama. Miaka ya nyuma nilinunua twiga wawili "wa mpingo" mahali fulani mjini, nikawafunga pamoja na kanzu nyeupe ya mjomba. Twiga walifika weupe kiasi, kanzu ikafika na madoadoa ya twiga. Mjomba hakusema neno, ila ile kanzu hakuivaa tena.

Kofia. Kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono ni kazi ya wiki nyingi, wakati mwingine miezi, na mshonaji mara nyingi ni mwanamke aliyeko nyumbani kwake, si yule kijana dukani. Iinue kwenye mwanga: vitundu vya viua viwe vimezungushiwa uzi, vidogo na vinavyofanana bila kuwa sawa kabisa. Geuza ndani. Ya mashine ina nyuzi zinazokimbia kutoka ua hadi ua kama njia za panya, ya mkono ni safi karibu kama nje. Ikiwa bei ya kofia ni sawa na ya chakula cha mchana, hakuna mkono wa mtu ulioishona kwa miezi. Amua tu kama unataka ya mashine, na ulipe bei ya mashine.

Mkeka na vikapu. Uliza kama ni ukindu au miyaa. Ukindu ni laini na mwembamba zaidi, miyaa ni mikavu na imara. Mkeka hutengenezwa kwa ukili, ule utepe uliosukwa, kisha ukili hushonwa kwa ukili. Vuta kwa upole palipoungana: pakifunguka dukani, nyumbani patafunguka haraka zaidi. Sugua sehemu ya rangi kwa kitambaa chenye maji. Rangi ikihama kidogo, sawa, lakini ikihama sana utalala na kuamka mwekundu. Nusa pia. Harufu ya ukungu maana yake ulikaa kwenye unyevu.

Picha. Shika ukingo uone kama rangi imekauka. Rangi ya mafuta huweza kukauka juu, chini ikabaki laini, na ukiikunja inagandana. Kama imepakwa kwenye kitambaa, muombe mwenye duka aitoe kwenye fremu. Ikunjwe duara kubwa, upande wa rangi uwe nje, karatasi safi juu yake. Watu hukunja rangi ikiwa ndani wakidhani wanailinda, na ndivyo inavyopasuka.

Kanga na viungo. Vyote utavikuta, lakini mie sinunui hapa. Kwa kanga nenda maduka ya Darajani, wanakonunua wenyeji, usome jina la kanga kabla hujalipa usije ukampelekea mama mkwe maneno ya kumsuta. Viungo navyo Darajani. Na zafarani ya bei ya kutupa si zafarani.

Visivyoguswa. Vitu vya ganda la kasa au ng'amba, pembe za ndovu na matumbawe, acha. Ni marufuku au vina masharti ya kimataifa, na utakaposimamishwa uwanja wa ndege muuzaji hatakuwepo. Mpingo wenyewe uko kwenye orodha ya miti inayodhibitiwa kimataifa tangu Januari 2017, ila bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mti huo katika mzigo mmoja zimesamehewa kibali. Kwa hiyo kinyago cha mezani hakina taabu, na kiti kizima cha kuchonga ni habari nyingine. Ukiambiwa mlango au sanduku ni la kale kweli, usilipe hadi kuwe na karatasi za mamlaka ya mambo ya kale. Masanduku mengi ya zamani yenyewe yalikuja na majahazi kutoka India na Ghuba, na mapya yanayofanana nayo huchongwa hapa leo. Zuri jipya, linaloitwa jipya, ni ununuzi salama kuliko "la babu wa babu".

8. Patana

Sasa toka, kanywe maji, amua unachotaka na kiasi chako cha juu. Kiandike kwenye simu. Rudi kwa yule uliyemtia alama.

Tuseme ni kikapu, na tarakimu hizi ni mfano tu:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu, umerudi!"
"Nimerudi kwa ajili ya kikapu kile. Mama, bei gani?"
"Elfu sitini."
"Kizuri, sikikosoi. Ila mfuko wangu unasema thelathini na tano."
"Aa, hapo hata ukindu haujarudi. Leta hamsini."
"Nikichukua viwili?"
"Viwili... tisini."
"Themanini na tano, nilipe sasa hivi."
"Haya, chukua, uje tena."

Tazama asichofanya mnunuzi: hakuiponda mali. Kwetu kusema kitu kibaya ili kipungue bei ni kumtusi aliyekisuka, na mara nyingi ndiye uliyesimama mbele yake. Biashara haigombi. Cheka, ulizia watoto, rudi kwenye bei. Kuomba upunguziwe kwa kununua viwili au vitatu hufanya kazi kuliko kulia njaa.

Sheria moja usiivunje: bei uliyoitaja ikikubaliwa, lipa. Usitaje namba kwa mchezo.

Na pale unapoiona kazi ya mkono kweli, mtu ameketi na sindano, usikamue hadi tone la mwisho. Elfu mbili kwako ni nauli ya daladala, kwake ni uzi wa kofia inayofuata.

9. Lipa, funga, beba

Hesabu pesa ukimkabidhi, kwa sauti, pamoja. Kwa pesa za simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri, na subiri ujumbe wake ufike kabla hujaondoka. Kama unasafiri nje, omba risiti ya mkono yenye jina la bidhaa.

Kinyago fungia kanga kuukuu au magazeti, masikio na pembe ziwe na mto wake. Mkeka kunja duara, usiukunje pande nne kama shuka. Kofia weka wima ndani ya kopo, au ijaze soksi. Sabuni itenge na nguo, labda upende shati linalonukia karafuu.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kununua siku ya kwanza ukiwa na boti ya kurudi jioni. Haraka hulipiwa. Ukiweza, lala usiku mmoja.

Kupiga picha watu na kazi zao bila ruhusa. Uliza. Wengi watakubali, mchoraji huenda akakataa kwa sababu picha yake ikishapigwa huigwa kwingine.

Kuuliza bei ya kila kitu dukani kisha kuondoka kimya. Sema ahsante.

Kutaja bei kwa dola wakati una shilingi. Ukianza na dola umejitangaza, na kubadilisha kichwani hukuficha elfu kadhaa. Omba bei ya shilingi tangu mwanzo.

Ukikwama

Papasi haondoki. Ingia duka lolote, msalimie mwenyewe, kaa dakika tatu. Mara nyingi huchoka. Akizidi, mwambie mlinzi wa lango.

Umekuta ua umefungwa kwa maandalizi ya tamasha. Vuka barabara, pumzika Forodhani, kisha ingia vichochoro vya nyuma ya ngome. Barabara ya Gizenga ina maduka ya mikono kutoka mwanzo hadi mwisho, na vipimo vya hatua ya saba ni vile vile.

Umepotea vichochoroni. Usiulize jina la mtaa, uliza "Forodhani wapi?" Kila mtoto anajua, na ukifika Forodhani ngome iko mbele yako.

Mtandao wa pesa za simu umelala. Muombe akuwekee kitu pembeni na umwambie saa utakayorudi. Akitaka kitu cha kumhakikishia, mwachie kiasi kidogo, si kitambulisho chako.

Kinyago kimepata ufa nyumbani. Mpingo hupasuka ukitoka kwenye unyevu wa pwani kwenda hewa kavu, Dodoma au Ulaya wakati wa baridi ndiko husikika zaidi. Kiweke mbali na dirisha la jua na kifaa cha kupasha joto, kipake mafuta kidogo ya nazi kwa kitambaa mara moja moja. Ufa mwembamba uache, ukiujaza gundi unaonekana zaidi.

Mkeka umeota ukungu. Uanike kivulini penye upepo, ufute kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo, usiuloweke. Jua kali huukausha hadi ukakatika.

Kofia haimtoshi. Ikiwa ndogo kidogo, ifue kwa mkono, ivalishe bakuli linalolingana na kichwa chake na iachwe ikauke hapo, wanga kidogo ukisaidia ikae wima. Ikiwa ndogo sana, tafuta mpwa.